Ng'ombe wa Msiba wa Donatus Mabula

Wapendwa mliofika, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Alois, baba mdogo wa marehemu, ukoo umeniomba niyasome haya, na nitayasoma yote.

Donatus, mtoto wa pili wa kaka yangu Mabula na shemeji Theopista, alizaliwa hapa Ushirombo tarehe 14 Machi 1960, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, dawati moja na Idi, mtoto wa jirani yetu Mzee Maduhu, kisha akashika jembe la pamba kama sisi wengine.

Kaka anisamehe, lakini maisha ya mwanawe hayasimuliki bila harusi ya dada yake Salvina, tarehe 8 Agosti 1981. Mnajua desturi yetu, ng'ombe wa shughuli huchinjwa na Mwislamu ili kila jirani ale, na siku zote aliyechinja ni Mzee Maduhu. Siku ile alicheleweshwa kwenye mizani ya pamba, kaka akaona wageni watashinda njaa, akachinja mwenyewe, na mzee alipofika na kisu chake kwenye kitambaa akakuta ngozi imeshawambwa. Waislamu waliondoka bila kula, nyumba hizi mbili zikaacha kuzikana, na kijiji kikagawanyika nyuma yao.

Mwaka uliofuata bibi yake Idi alifariki, Donatus akawakusanya vijana wa kwaya, wakabeba majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi bila kutuuliza wazee, maana tungewakataza. Vijana wa msikitini wakawapisha wakachimba pamoja, na tangu hapo hakuna kaburi hapa lililochimbwa na upande mmoja.

Mwaka 1983 yeye na Idi walikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na tarehe 29 Septemba 1984 akafunga ndoa na Anisia, wakajaliwa Justa na Damian. Alitaka Mzee Maduhu achinje siku hiyo, baba yake akakataa kwenda kumwomba, basi Donatus akasema hakuna ng'ombe, tukala wali na maharage, na tulinung'unika jamani, harusi gani haina nyama.

Vumbi la mawe lilimharibu kifua. Februari mwaka huu, 1987, alianza kukohoa damu, Idi akampeleka hospitali na kumuuguza kama ndugu wa tumbo moja, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 2 Septemba, akiwa na miaka 27. Siku chache kabla alimwomba baba yake jambo moja tu, aende mwenyewe kwa Mzee Maduhu. Kaka aliinamisha kichwa, na mtoto akaondoka bila jibu. Hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachimbaji wenzake waliomsafirisha, majirani, na ninyi vijana wa kanisani na msikitini mlioamka kuchimba kaburi hili.

Jana jioni kaka yangu alichukua fimbo yake, akaenda peke yake kwa Mzee Maduhu, akamwomba aje achinje, na asubuhi hii mzee alikuja na kisu chake. Baada ya maziko asiondoke mtu, tutakula wote, ingawa aliyeitafuta siku hii hayupo.

Pumzika kwa amani, Donatus. Baba yako alikwenda.