Dakika Moja Kila Siku: Kumuaga Mwalimu Kombe Mwinga

Na Bi. Esha, Idara ya Kiswahili

Mwalimu Kombe Mwinga anastaafu tarehe 31 Desemba 1998, baada ya kufundisha Jiografia miaka thelathini na miwili, yote hapa Msambweni. Amechagua mwaka mzuri. Redio imetangaza kwamba watunza saa wa ulimwengu watauongezea mwaka huu sekunde moja, kwa kuwa dunia inajizungusha polepole kidogo kuliko saa zao. Kwetu sekunde hiyo itaingia saa tisa usiku wa kuamkia Januari mosi, Mwalimu akiwa tayari ameshatoka kazini. Hiyo ni yake mwenyewe, serikali haina fungu.

Alikuja mwaka 1967 na baiskeli, na globu iliyobonyea upande wa Australia. Bamvua ikifika aliwashusha wanafunzi hadi mwambani wakayaone maji yakipwa na kujaa, akawaambia kwamba huko kujaa na kupwa ndiyo breki ya dunia: ndiko kunakoirefusha siku, taratibu mno, kama sehemu mbili za elfu za sekunde kwa karne nzima. Wazazi walilalamikia viatu vilivyorowa. Matokeo ya mtihani hawakuyalalamikia.

Lakini huwezi kumtaja Kombe ukamwacha Gedion, mwalimu wetu wa Hisabati, mtu wa Kitale na mzee wa kanisa. Saa ya ukutani ya ofisi ya walimu huchelewa dakika moja kila siku. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, Kombe alipanda stuli kuusukuma mshale, Gedion akiishika stuli isiyumbe, na ubishi ukaanzia hapo. Gedion alishikilia kwamba ikiwa sekunde huongezwa kila baada ya mwaka na nusu hivi, basi ukirudi nyuma mamilioni ya miaka ungeikuta dunia ikizunguka kama pia ya watoto. Kwa hiyo haiwezi kuwa na umri huo, ina miaka elfu chache tu.

Siku ya kufunga muhula wa pili, 1997, Kombe alimjibu kutoka juu ya stuli kwamba kitu kuchelewa si lazima kiwe kinazidi kupunguza mwendo. "Hii naisukuma miaka yote, na kesho itachelewa dakika ile ile. Kwani ilitoka dukani ikizunguka kama feni?" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Gedion naye akauliza kwa upole: je, saa hiyo haina fundi aliyeiunda? Kombe akasema atamjibu muhula ujao.

Agosti hiyo fujo zilizuka huku Pwani, watu wa bara kama Gedion wakatishwa wahame. Kombe aliificha familia ya Gedion nyumbani kwake siku tatu, kisha akawasindikiza hadi feri. Hajapata kutuhadithia walivyoagana.

Muhula ulipofunguliwa hakupanda stuli. Tulipotaka kuirekebisha saa alituomba tuiache, nasi tukaanza kupiga kengele kwa saa ya mkononi ya naibu mwalimu mkuu. Leo ile ya ukutani iko nyuma kwa saa nane na ushei. Nimemwona mara nyingi akiitazama na kuhesabu: kila dakika ni siku moja bila Gedion. Sote tumemkosa. Yeye zaidi.

Barua zake tatu kwa Gedion hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa Oktoba, kwa mstari mmoja: "Fundi wa saa ni nani? Bado nangoja." Mwalimu alicheka, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu, nasi tukajifanya tunasahihisha madaftari.

Wastaafu wetu huzawadiwa saa. Kombe ameikataa kabla hatujainunua. Ameomba tikiti ya basi ya kwenda Kitale, na tikiti hiyo iko ndani ya bahasha hii.

Ahsante, Mwalimu, kwa watoto wetu uliowafunza kubishana bila kugombana. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, safari ya salama na siku ndefu kuliko hizi zetu. Ukifika, msalimie Gedion, umpe jibu lake, kisha umwambie kwamba stuli iko pale pale chini ya saa, na hakuna aliyeishika tangu aondoke.