Sampuli ya Anande

Alhamisi, tarehe 9 Juni 2022, Anande Ephraimu Mbise aliandika kwenye daftari la maabara: "Mashine mbovu." Mashine ilikuwa nzima.

Alizaliwa Maji ya Chai tarehe 3 Machi 1972, mtoto wa pili wa Mzee Ephraimu na Mama Aikaeli. Alisoma shule huko huko, na mwaka 1996 akapata stashahada ya maabara. Mwaka uliofuata figo zilimwondoa baba yake. Anande ndiye aliyekuwa akimwosha miguu iliyovimba, na hakuisahau.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na Ndugu Sylvanus Kaaya. Walijenga Sombetini, wakajaliwa Evelyn, Abdiel na Princess.

Kazini alipima vimeng'enya kwenye mkojo. Figo nzima hupitisha vichache tu. Chembe zake zikiumia, vimeng'enya huvuja kwa wingi, mara nyingi kabla damu haijaonyesha kasoro. Kila asubuhi mashine ilijaribiwa kwa mkojo wa mtu mwenye afya, na kwa miaka sita mtu huyo alikuwa Anande. Mwenzake Saadi alizoea kumtania kwamba siku akistaafu itabidi awaachie kidumu.

Siku ile namba ilipanda mara nne. Akasafisha mashine, akarudia. Ikawa ile ile. Saadi akaleta mkojo wake, ukasoma vizuri.

"Dada Anande," alisema taratibu, "mashine haina tatizo."

Anande alimwomba asimwambie mtu. Kwa miezi kumi na moja alivaa soksi ndefu hata jua likiwaka, ili Sylvanus asiione miguu yake. Alijua kila hatua inayofuata, na kujua huko ndiko kulikomtisha.

Mei 2023 alianza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Januari mwaka huu wa 2025 alimwita Evelyn, aliyekuwa ameahirisha kupima figo mara mbili.

"Mimi niliogopa karatasi ya majibu, mwanangu, nikapoteza karibu mwaka mzima. Wewe unaogopa nini?"

"Hiyo hiyo karatasi, mama."

"Basi ogopa ukiwa umeshapima."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mama mzazi, mume na watoto watatu. Mungu amlaze mahali pasipo na hofu.

Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, Saadi atapokea vikopo vitatu vya mkojo: cha Evelyn, cha Abdiel na cha Princess.