Kamba ya Kichwani

Ndugu na majirani, nasimama kwa niaba ya familia, mimi Ishbel, dada wa marehemu, na mnanijua, sipambi maneno.

Kaka yetu Dugald Rattray alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa hapa Balnacraig, kando ya mto Isla, akasoma Alyth mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano, akarudi shambani kulima viazi, kazi aliyoifanya hadi mgongo ulipogoma, na tarehe 14 Juni 1975 akamwoa Jessie Spalding, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Catriona, aliyesomea wanyamapori.

Kisha wakaja biva, wanyama wa mtoni wanaojenga mabwawa kwa miti, waliotoweka Scotland kwa mamia ya miaka, wakarudishwa mtoni, wakakata miti kwa meno, wakaziba mfereji wa shamba la chini, viazi vikaoza ardhini, na kijiji kikagawanyika, hawa wakishangilia, hawa wakisaga meno. Tarehe 22 Novemba 2018, ukumbini, Catriona alisimama akasema, "Baba, hapa ni kwao, mababu zetu ndio waliowamaliza kwa ajili ya ngozi." Dugald akajibu, "Kama hapa ni kwao, kwetu ni wapi?" Akaapa mbele yetu sote kwamba siku ya kumshusha kaburini, kamba ya kichwani mwa jeneza, ambayo huku kwetu hushikwa na mtoto wa kwanza, Catriona hataigusa. Loo, na ndiye huyo huyo mmoja aliyenaye! Tangu hapo hawakuzungumza.

Mwaka jana alipata kibali cha kuwapiga biva risasi, akashuka mtoni na bunduki, akarudi na risasi zake zote. Nikamtania, "Vipi kaka, macho yamekwisha?" Akasema, "Wanajenga vizuri, washenzi wale," akaomba chai.

Februari mapafu yalimlemea, akalazwa Dundee, akafariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, Catriona akiwa bado njiani kutoka Inverness, na hilo linaniuma sana. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakulima wenzake, na majirani mliotuletea supu, wapenda biva na wachukia biva.

Mmeniuliza kama alikifuta kiapo. Hakukifuta, nami sitamsingizia marehemu mbele ya jeneza lake. Lakini kadi za kamba, zinazoonyesha nani ashike kamba ipi, nimezigawa mimi. Catriona, mwanangu, njoo mbele, namba moja, ya kichwani, ni yako. Nawe Dugald, pumzika, na kama umekasirika, utanigombeza nikifika.