Felisia Kemilembe, Aliyewavusha Wakorea Kutoka "Tamu" Hadi "Damu"

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha Kiswahili katika kituo chetu cha lugha hapa Porte de Namur, Brussels, Mwalimu Felisia Kemilembe anastaafu tarehe 30 Juni.

Alizaliwa Bukoba, akaja Brussels kumfuata mumewe. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wake wa wanadiplomasia waliotaka kujua kusalimia na kuuliza njia. Wakorea walikuja baadaye, na hao ndio waliomjengea jina.

Mkorea anayeanza Kiswahili huja na matamshi ya kwao. F kwake huwa P, hivyo anayefika husema anapika. L humgeukia R: anakwenda kula, wewe unasikia anakwenda kupiga kura. Neno likianza na B, baba anakuwa papa. Wakongo wa Matonge, mtaa wa jirani, hawaoni kosa hapo, kwao baba ndiye papa; Watanzania humfikiria samaki.

Felisia alidhani ugumu uko kwenye Kiswahili, mpaka Cédric, anayefundisha Kiindonesia chumba cha jirani, alipomweleza kuwa Wakorea wake wakitaka kusema "baru", yaani mpya, hutamka "paru", yaani pafu. Walicheka, kisha wakaanza kulinganisha wanayoyasikia.

Mwaka 2016 tulikuwa na Mi-ran, mkunga kutoka Busan, aliyeomba kazi katika zahanati moja Kigoma. Kwenye usaili, uliofanyika hapa kituoni, Rolande wa mapokezi aliigiza mjamzito. Mi-ran akamuuliza, "Damu?" Sote tulisikia "Tamu?" Rolande, kikombe cha chai mkononi, akajibu kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, "Non, maman, miye sitiyake sukari," yaani yeye hatii sukari.

Wasaili walicheka. Mi-ran akakosa kazi, akaenda kulia kwenye ngazi.

Felisia alimfuata, akaketi kando yake. "Mimi nilipofika hapa nilikuwa naomba mkate kwa Kifaransa, muuzaji ananijibu kwa Kiingereza," alimwambia. "Nilirudi kesho yake, nikaomba tena. Na wewe utarudi." Akaenda mwenyewe kuwaomba wasaili, nao wakakubali kumsikiliza tena baada ya mwezi.

Alikuwa amegundua kuwa Mkorea hutamka D vizuri ikitanguliwa na irabu. "Usilitupe neno peke yake," alimwelekeza. "Sema, unatoka damu?" L alimfundisha kwa kuikaza kwanza, "kulla", kisha kuilegeza. Kwa F walitumia kioo, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Mi-ran alifanya mazoezi hata kwenye tramu, abiria wakahama viti.

Safari ya pili alifaulu. Mwaka uliofuata alipiga simu kutoka Kigoma. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa akivuja damu kimya kimya chini ya blanketi. Mi-ran alimuuliza swali lilelile. Mama akaelewa, akaitikia kwa kichwa, wakamuwahi. Felisia alikata simu, akashuka barabara ya Chaussée d'Ixelles, akarudi na viazi vya kukaanga vya kutosha kituo kizima.

Sasa anakwenda kupumzika nyumbani kwake Auderghem, karibu na msitu. Wanafunzi wameahidi kumpigia simu. Amesema atapokea, ila atawasahihisha.

Mwalimu Felisia, asante kwa subira yako na kwa masikio yako. Uwe na afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi ndefu zisizo na kengele.