Sajenti Kasema Hajui

Benchi letu liko mbele ya duka la pembejeo la ushirika, ubavuni mwa ghala la mahindi linaloonekana kutoka Nebraska nzima, ukimwamini Gus. Gus tunamwita Jaji. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza, kesi moja tu, na mpaka leo hajapona. Lyle ni Mvua: huitabiri kila asubuhi, haiji. Mimi ni mwenye birika la kahawa. Leo tumekaa kama wafiwa. Mtu wetu, Duane Kubicek, sajenti mstaafu anayegombea bunge la jimbo, jana aliulizwa redioni: vijana wanahama, shule inataka kufungwa, utawarudishaje? Mpinzani wake alijibu mpaka tangazo la matrekta likachelewa. Duane akasema, "Sijui." Na uchaguzi ni Jumanne.

— Katumaliza, Mvua akaanza. Miaka yote hiyo jeshini hawakumfundisha hata kudanganya kidogo?

— Tulia wewe, Jaji akamkata. Ile ni mbinu. Mwanajeshi hasemi atapiga wapi. Mficha uchi hazai!

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? Mvua akauliza.

— Inaingia. Ngoja tu.

— Mi naona hakusikia swali, nikatia neno. Mizinga imemla masikio.

— Kasikia vizuri sana! Jaji akasema. Ile "sijui" ni fumbo, bwana. Wenzake wa kikosi wamelinasa, saa hizi wanajipanga.

— Wanajipanga wafanye nini? nikauliza.

— Siri ya jeshi.

— Siri gani, na goti lake lenyewe bovu? Mvua akasema. Aliruka na mwavuli kutoka ndegeni siku aliyokatazwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Goti si hoja! Jumatatu mtaona helikopta inatua uwanja wa shule, imejaa vijana wetu, na wake zao, na watoto!

— Na mvua itanyesha? nikamuuliza.

— Itanyesha, Mvua akajibu mwenyewe.

Tulicheka, ila kidogo. Tunampenda Duane, huo ndio ukweli. Theluji ikianguka, yeye ndiye anayezoa milangoni kwa wajane bila kuitwa. Tunaogopa ashindwe, na tunaogopa zaidi shule ifungwe, maana baada ya hapo mji hauna kitu.

Akatoka dukani Teresa Olivas, mgeni aliyehamia hapa juzijuzi, kabeba mfuko wa chakula cha kuku.

— Samahanini wazee wangu. Nyie mna watoto?

— Wapo! Jaji akavimba. Wangu wako Denver, wawili.

— Walipokuwa wanaondoka, mliwaambia wabaki wafanye nini?

Aliuliza kwa heshima kabisa, akasimama kusubiri jibu. Mvua akatazama mbingu, hakutabiri kitu. Mimi nikashika birika, sikummiminia mtu. Jaji akavua kofia, akaikunja.

— Mi niliwaambia wawahi, akasema. Barabara isije ikashika barafu.

Kisha akanigeukia.

— Hebu mpigie Sajenti simu. Atakuwa kakaa peke yake tangu jana.