Atupele Mwakalinga na Wanaouguza Nyumbani

Tarehe 30 Juni 2025, Atupele Mwakalinga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia gazeti letu la Ukanda Wetu, hapa Kibaha. Karibu sote tulimkuta kazini. Ofisi hii bila yeye ilikuwaje, ni wachache sana kati yetu wanaoweza kusimulia.

Alifika Pwani kutoka Tukuyu akiwa mke wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa, akaajiriwa kuwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa habari za wengine, lakini hakuweza kuchapa akanyamaza. Alimwita mwandishi na kumuuliza kama huyo mama aliyemtaja alimwona mwenyewe au alisimuliwa. Inasemekana mhariri wa wakati huo alimpa kazi ya kuandika ili waandishi wengine wapumue. Akapangiwa Kisarawe.

Huko alitumwa kuandika habari za barabara, korosho na migogoro ya malisho. Aliziandika. Ila kila alipokaribishwa ndani aliona jambo lililokuwa halina mwandishi: chumba chenye mgonjwa, na mtu mmoja wa nyumba hiyo ambaye maisha yake yote yamehamia kwenye chumba hicho. Alidai ukurasa kwa ajili yao mpaka akapewa. Hivyo ndivyo ulivyoanza ukurasa wa "Anayeuguza", ambao wasomaji wengi huufungua kabla ya michezo.

Aliusimamia bila huruma kwa miguu yake mwenyewe. Aliwahi kurudi Chole, huko huko Kisarawe, kwa bodaboda, mvua ikinyesha, kuuliza kama uji aliopikiwa mgonjwa ulikuwa wa ulezi au wa mahindi. Ulikuwa wa mtama.

Makala inayokumbukwa kuliko zote ni ya Simoni na Elina wa Mbwawa. Simoni alikuwa fundi wa paa. Alianguka akiwa kazini, na tangu siku hiyo miguu yake haikumbeba tena. Mkewe Elina ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani. Atupele aliwatembelea mara kadhaa, akaandika makala iliyoishia kwa Simoni kumshukuru mkewe kila asubuhi na kumwita malaika wake. Mhariri wetu Khalfani aliisoma akavua miwani akafuta macho. Ukurasa ulishapangwa, ukingoja kwenda mtamboni, Atupele alipoomba urudishwe.

Alisema kuna jambo limemkaa vibaya. Maneno yote ya Simoni yalitoka kinywani mwa Elina. Yeye Atupele hakuwahi kumsikia Simoni mwenyewe akiyasema. Khalfani alimkumbusha kwamba mke ndiye aliyesema, na kwamba wasomaji wangelia.

"Watalia," Atupele alimjibu, "lakini watakuwa wanamlilia mtu ambaye hayupo."

Wiki hiyo nafasi yake ilijazwa na habari ya mbegu za mihogo. Khalfani hakufurahi, na hakuficha.

Atupele alirudi Mbwawa, akaomba kukaa na Simoni.

"Sijawahi kumshukuru," Simoni alisema. "Nimemwambia arudi kwao, bado kijana. Ananiogesha, na mimi namtukana."

Elina alikuwa mlangoni. Alieleza kwamba zile shukrani alizitunga yeye, watu wasije wakamchukia mumewe. Akaongeza kwamba ziko siku anafunga mlango, anakwenda kusimama katikati ya mihogo mpaka hasira imtoke, ndipo anarudi ndani.

Makala iliandikwa upya. Kisha Atupele aliwasomea wote wawili, mstari kwa mstari, akiwa tayari kuitupa kama mmoja wao angekataa. Elina aliomba jambo moja kuhusu watoto liondolewe; likaondolewa. Simoni aliomba jambo moja liongezwe. Alisema ameezeka nyumba za watu mpaka kule mtaa wa Picha ya Ndege, na sasa analala chali akitazama bati lake mwenyewe likivuja. Hilo, alisema, linamuuma kuliko miguu.

Bado alikuwepo Onesmo, kaka yake Simoni, mkazi wa Kibaha hii hii. Atupele alimpigia simu kumuuliza kwa nini haonekani kwa mdogo wake. Onesmo alijibu, "Mke wake yupo." Atupele alimsomea maneno hayo, Onesmo akayakubali, yakachapwa.

Gazeti lilipotoka, Onesmo alikuja ofisini amefura. Alisema tumemwaibisha mbele ya kanisa zima. Atupele alimpa kiti na chai, akamuuliza kama yale maneno si yake. Sote tuliacha kuchapa.

"Ni yangu," alisema Onesmo.

Kama tungeongeza chumvi hata kidogo, angeishika hiyo na kuondoka nayo. Hakuwa na cha kushika. Alikunywa chai yake, akauliza kama kweli lile bati linavuja. Jumamosi alikuwa juu ya paa la mdogo wake. Na Jumamosi zilizofuata alikuwa akienda kumwogesha, ili Elina apate kutoka na kukaa na dada zake.

Elina alimsimulia Atupele baadaye kwamba shukrani ilikuja, ingawa ilichelewa, na wala haikuwa na malaika. Akiogeshwa, Simoni alisema, "Leo maji yana joto zuri."

Vijana wa chumba cha habari wamejifunza kwake kumsomea mtu habari yake kabla ya kuichapa, na kwamba machozi ya msomaji hayathibitishi kitu. Khalfani naye huwaambia hivyo hivyo sasa, kama vile yalikuwa maneno yake tangu mwanzo. Tunamwacha.

Tulipomuuliza Dada Atupele ataelekea wapi, alituambia anahamia Chole, kwa kaka yake Ipyana, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka na anauguzwa na mkewe Mwamvita peke yake. Tukasema basi, makala nyingine inakuja. Akatikisa kichwa.

"Huko siendi kuandika," alisema. "Naenda kufua."

Asante, dada yetu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, usingizi wa kutosha, na mtu wa kukupokea zamu utakapochoka.

Nuria, meza ya kupanga kurasa