Sirili Mallya Hakuuza Mechi

Mzee Sirili Mallya wa Kibosho alianza kutunza uwanja wa Kahawa Stars mwaka 1994, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anastaafu. Ni miaka thelathini na mmoja kwenye nyasi zile zile. Humu ukumbini wamo wachezaji ambao hata umri huo hawajaufikia, na msimu huu walimwita msaliti. Nimeanza na hilo makusudi, asije mtu akasema hakuliona.

Katibu ameniomba mimi Lukresia, mpishi wa kambi, niandike wasifu huu kwa sababu wengine wote walioanza na Sirili wameshaondoka. Akaniambia, "Bibi, andika mazuri tu." Mazuri yapo, nitayaandika. Lakini nikiandika mazuri matupu mtasema huyu bibi naye amepewa kitu. Nawajua.

Sirili alipokuja, uwanja ulikuwa malisho ya mbuzi wa Old Moshi nzima. Aliokota mawe kwa mikono, akapanda nyasi, akachora mistari kwa chokaa na kamba ya katani. Mashine ya kukatia haikuwepo. Alifyeka uwanja mzima kwa fyekeo, akimaliza upande huu ule umeshaota. Mwaka mmoja bibi harusi aliletwa kupiga picha katikati ya uwanja na viatu vyake vya visigino. Sirili akampulizia filimbi. Bwana harusi akasema, "Mzee, leo ni siku yetu." Sirili akajibu, "Siku yenu, nyasi zangu." Picha zikapigwa kwenye changarawe. Ndoa bado ipo.

Kasoro zake nazo mzisikie. Ni mbishi. Akinuna hafungui mdomo siku mbili. Na kwa miaka yote hiyo hajawahi kumaliza bakuli la mtori wangu, supu yetu ya ndizi, bila kusema maziwa hayatoshi. Kula anakula, bakuli linarudi jeupe, lakini lazima akosoe.

Sasa msimu huu. Mwezi wa nane tuliletewa kocha mpya, Kocha Wilson, kutoka Dar. Nampa haki yake: vijana waliokuwa wanatembea uwanjani aliwafundisha kukimbia. Ila mtu yule anashuku hata kivuli chake. Huko alikotoka, anasema, timu yake ililishwa kitu hotelini ikafungwa ikiwa imelala. Basi sisi ndio tukalipishwa. Akabadilisha kufuli la geti. Akakusanya simu za wachezaji kwenye ndoo. Mimi akanisimamisha mbele ya wavulana nionje ndizi zangu mwenyewe kabla hawajala. Mtu mzima kama mimi, kijiko mdomoni, wananitazama kama nitaanguka! Nilionja. Nikamwambia, "Zimeiva. Na wewe utaiva."

Na mimi nilimshuku, sifichi. Asubuhi alikuwa anazunguka uwanja peke yake anaongea na simu nyuma ya stoo, ukipita ananyamaza. Mpaka leo sijui alikuwa anaongea na nani.

Tukaanza kufungwa nyumbani, na karibu mabao yote yakaingia kwenye goli moja, lile la juu linalotazama mlima. Nyuma ya goli lile kuna mstari wa masale. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa, lakini kikosi kimejaa wageni, kwa hiyo naeleza. Isale ni mmea wa mpaka na wa amani. Unaonyesha kihamba cha mtu, yaani shamba lake la ukoo, kinaishia wapi, na ukimkosea mtu ukamletea jani lake, hawezi kukukatalia msamaha. Masale yale waliyapanda Sirili na jirani yetu Mzee Yoramu, kumaliza ugomvi kati ya klabu na familia yake kuhusu mahali uwanja unapoishia. Siku hiyo hiyo Yoramu akakubali maji ya mfereji yapite kwenye kihamba chake yaje kunywesha nyasi zetu. Makubaliano yote ni masale yale. Hakuna kingine.

Kocha akaja jikoni. "Bibi, yale majani nyuma ya goli kayapanda nani?"

"Sirili na Yoramu. Ni mpaka."

"Mpaka gani huo upo kwenye goli tunalofungwa tu?"

"Kocha mwanangu," nikamwambia, "ng'oa goli kama unataka, masale yaache."

Hakusikia. Siku ile Sirili alikuwa Kibosho kwenye msiba wa dada yake. Kocha akachukua vijana wanne, wakang'oa masale yote, wakayachoma kwa mafuta ya taa. Kipa wetu Lucky alikuwa anaruka moto huku anacheka. "Dawa imekwisha!" Mae! Kung'oa masale ya mpakani ni kumwambia jirani kwamba hamjawahi kupatana. Mtoto wa huku angekubali kukatwa mkono kuliko kufanya hivyo.

Sirili aliporudi alitazama majivu. Akauliza neno moja tu: "Nani?"

Yoramu hakupiga kelele. Alikata mgomba, akaulaza mferejini, maji yakageukia kwenye kahawa yake. Mwenyekiti wa klabu, Mzee Wenseslaus, alipokwenda kumuuliza, Yoramu alimkaribisha kiti akasema, "Sijafunga maji. Mpaka haupo, kwa hiyo sijui maji niyapeleke kwa nani."

Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua lenyewe mnalijua. Nyasi zikawa kahawia, halafu zikawa vumbi. Tukafungwa na wageni kutoka Tanga mpira ukidunda kama kwenye sakafu ya saruji. Mwenyekiti akamwomba Sirili aende kwa Yoramu kuombea maji. Sirili akasema, "Aliyeng'oa ana miguu."

Kwa desturi yetu hapo hakukosea. Aliyekosa ndiye anayepeleka isale. Ukimpelekea kwa niaba yake umemdanganya aliyekosewa. Lakini Kocha alisikia kitu kingine. Alisikia mtu anayejua njia ya maji na hataki kuyaleta. Halafu mtu akamnong'oneza kwamba Sirili alionekana Himo akishikana mikono na katibu wa timu ile iliyotufunga. Alionekana, ndiyo! Yule ni mkwe wake, kamwoa binti yake Priska. Mlitaka ampite mkwe wake barabarani kama nguzo ya umeme? Aliyenong'ona yumo humu ndani, na ninajua amekaa safu gani.

Kocha akasema mbele ya kikosi chote, "Mzee huyu ametuuza." Sirili akasimamishwa kazi, miezi mitano kabla ya kustaafu. Mlinzi akaambiwa asimfungulie. Na kila asubuhi alipanda gari kutoka Kibosho, akasimama nje ya uzio na kofia yake mkononi, akitazama nyasi zinakufa. Nilimpelekea mtori pale. Akanywa, akasema maziwa hayatoshi.

Yeye aliweza kuvumilia. Mke wake, Mama Priska, hakuweza. Kwenye jumuiya ya sala akina mama waliacha kumpa nafasi kwenye benchi. Mmoja akamuuliza kama bati jipya la jiko limetoka Tanga. Akaacha kwenda. Mama aliyeongoza rozari kabla vijana wetu hawajazaliwa, anasali peke yake chumbani kwa sababu ya mpira!

Lucky alipopasua goti kwenye ule udongo ndipo Kocha alipokuja jikoni tena, safari hii polepole.

"Bibi, nikienda kwa Yoramu na hilo jani la msamaha, hawatanifanya kitu?"

"Watakupa mbege, pombe yetu ya ndizi."

"Na kama mbege ina kitu?"

"Mwenye nyumba anaonja kwanza. Hapa kwetu hatungoji kulazimishwa."

Nikaenda naye nishuhudie, maana nilishuku angefika getini akageuka. Hakugeuka. Alisimama uani kwa Yoramu na lile jani, jasho linamtoka, na Yoramu akalitazama jani kwanza. Halafu akasema, "Umelishika juu chini, kijana." Kocha akaligeuza. Yoramu akalipokea. Akaonja mbege, akampa kibuyu, na Kocha akanywa mpaka nikamwambia basi. Kesho yake alishika jembe mwenyewe akapanda masale mapya, Yoramu akimwelekeza, na mgomba ukatolewa mferejini. Nyasi zikaanza kurudi hata kabla ya masika. Mechi ya mwisho tukatoka sare, tukabaki kwenye ligi. Kwa hilo, Kocha, ahsante. Sisemi uongo.

Lakini Sirili alirudishwaje? Kwa karatasi ya mistari miwili iliyoachwa kwa mlinzi: arejee kazini. Basi. Kikosi kilichoambiwa kwamba ametuuza hakijaambiwa kwamba hakutuuza. Kwa Yoramu Kocha alikwenda kwa sababu alihitaji maji. Kwa Sirili hajahitaji kitu bado. Nimemchunguza miezi yote hii, na wakati mwingine nadhani bado anashuku. Wachezaji nao wakimwona Sirili wanasema, "Shikamoo meku," yaani mzee, vizuri kabisa, halafu wakishapita wanaangaliana. Nina macho.

Sirili, mimi siyo mtu wa maneno matamu. Umeacha uwanja ambao timu zinatoka mbali zinauonea wivu. Umegombana na mbuzi, na maharusi, na mimi, na hujawahi kuchukua hata kipande cha kamba kisicho chako. Klabu nzima inakushukuru, hata wale wanaoona aibu kukutazama. Nenda ukakae na mke wako migombani, miguu ipumzike, wajukuu wakusumbue, na Mungu akuongezee miaka ya kubishana na watu. Tunakuombea uzee mwema.

Sasa utaratibu wa leo. Ratiba inasema baada ya wasifu huu Kocha Wilson atatoa zawadi, halafu chakula. Chakula ni machalari ya ndizi na mbuzi, kimeiva, kiko kwenye masufuria matano nyuma ya ukumbi, na mifuniko nimeikalia mimi. Zawadi Kocha aiweke chini kwanza. Asimame mbele ya kikosi kile kile, aseme kwa sauti ile ile aliyotumia siku ile, kwamba alimsingizia mzee huyu. Aseme huku anamtazama Mama Priska, siyo mimi, siyo Mwenyekiti. Jumuiya ni Alhamisi, na nataka mama huyu aende akiwa na kitu cha kuwajibu wenzake.

Akimaliza, nitapakua.